Somo: Kukagua rodista ya Ford 1932 ya kujengwa kabla hujatoa hela

Tangazo la hotrodi (gari la zamani lililojengwa upya kwa injini na vifaa vya magari mengine) huandikwa kwa mkato: "Ford 1932 rodista, chuma tupu, injini 350, gia boksi TH350, difu Ford inchi 9, imeteremshwa mbele." Rodista ni gari la wazi lisilo na paa la kudumu, 350 ni ukubwa wa injini ya Chevrolet kwa inchi za ujazo, na TH350 ni gia boksi ya otomatiki. Kila neno hapo lina bei yake, na mara nyingi muuzaji anarudia tu alichoambiwa na aliyemuuzia yeye. Gari la namna hii halikutoka kiwandani lilivyo. Bodi inaweza kuwa ya Ford, injini ni Chevrolet, boksi la stelingi ni la gari lingine, breki za lingine tena, na aliyeviunganisha vyote ni mtu mmoja gerejini kwake, huenda California, huenda Ohio, miaka 30 iliyopita. Unachonunua ni kazi ya mikono ya mtu huyo, na ndiyo unayokwenda kukagua. Rangi itazame mwisho.

Nimechukua Ford 1932, ambayo Wamarekani huiita Deuce, kwa sababu ndiyo inayotafutwa kuliko zote. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Model A ya 1928 hadi 1931.

Kabla ya kupanda ndege

Mwombe muuzaji picha hizi, si zile za mbele zenye jua la jioni: namba iliyogongwa juu ya reli ya kushoto ya chasisi, uvungu mzima kuanzia mbele hadi difu, nyuma ya dashibodi, sakafu ya buti zulia likiwa limetolewa, boksi la fyuzi, na hati ya gari pande zote mbili. Mtu anayekataa picha ya uvungu amekwishakujibu.

Vifaa vya kubeba: sumaku ndogo iliyoviringishwa kitambaa laini, tochi, kioo cha fundi chenye mkono, utepe wa kupimia wa chuma, kipima pembe cha dijitali, geji ya kupima mgandamizo wa silinda na spana ya plagi, maltimita, na kipima joto cha kuelekezea. Jeki na stendi 4 muulize kama anazo. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 1: Karatasi na namba

Anza hapa, maana ubovu wa karatasi hautengenezwi kwa spana. Ford ya 1932 yenye V8 ina namba inayoanza na 18 na kistari, na mwanzo na mwisho wake pamegongwa alama ya nyota. Yenye silinda 4 huanza na AB. Namba imegongwa mahali kadhaa juu ya reli ya kushoto; ile ya mbele, jirani na boksi la stelingi, ndiyo inayoonekana bila kuinua bodi. Linganisha tarakimu moja moja na hati.

Kuna hali tatu. Ya kwanza, chasisi ya asili na namba inalingana: safi. Ya pili, chasisi mpya na hati inayosema wazi kwamba gari limeundwa upya. Hiyo nayo ni halali. California, kwa mfano, ina sheria ya SB 100 inayotoa nafasi 500 kwa mwaka kwa magari ya kuundwa, na serikali huyapa namba yake. Ya tatu ndiyo ya kukimbia: chasisi mpya kabisa, ila hati ni ya gari la 1932 lililokufa zamani, namba imegongwa juzi kwa vyuma vya herufi vya dukani. Tarakimu zimepinda, zina kingo kali, na rangi imepigwa nene hapo tu. Gari kama hilo polisi wanaweza kulishikilia, na hasara itamwangukia mwenye gari wa mwisho.

Hatua ya 2: Bodi

Pitisha sumaku sehemu za chini: ukingo wa chini wa milango, pembe zilizo mbele ya magurudumu ya nyuma, sakafu ya buti, na chini ya ukuta wa injini. Ikishika kwa nguvu mahali pamoja na kuteleza sentimita 20 pembeni, hapo pana puti nene. Milimita 1 au 2 za puti ni kawaida kwenye chuma cha umri huu. Tatizo ni puti iliyojaza shimo la kutu, kwa sababu maji huingia kwa nyuma na rangi hufura ndani ya miezi.

"Chuma tupu" haimaanishi chuma cha 1932. Kampuni ya Brookville ya Ohio inatengeneza bodi mpya za chuma, na ni nzuri, milango yake hukaa vizuri kuliko nyingi za zamani. Lakini bei yake si ya bodi ya Ford, na muuzaji anapaswa kusema. Bodi ya faiba utaitambua chini ya dashibodi na ndani ya mfuniko wa buti: utaona nyuzi za mkeka wa kioo. Kwenye faiba angalia nguzo za bawaba za milango. Nyufa nyembamba zinazosambaa kutoka kwenye bolti maana yake hakuna chuma cha kutosha ndani.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka. Pima mwanya wa mlango juu na chini gari likiwa limesimama kwa matairi. Milimita 4 hadi 5 zilizo sawa ni kazi nzuri. Weka jeki chini ya reli, nyuma kidogo ya ukuta wa injini, inua upande mmoja mpaka gurudumu liachane na ardhi, upime tena. Rodista haina paa la kuishika, kwa hiyo chasisi ikipinda mwanya ndio unaosema. Ukibadilika zaidi ya milimita 2, au mlango ukagoma kufunguka, chasisi ni legevu au bodi haikufungwa vizuri. Barabarani mlango huo utafunguka wenyewe kwenye kona.

Hatua ya 3: Chasisi

Reli za 1932 zinajulikana kwa mstari uliominywa ubavuni, kwa kuwa mwaka huo reli zilionekana nje bila kufunikwa. Kwa asili zina umbo la C. Ukiweka V8 ya kisasa lazima zizibwe kwa bamba zigeuke boksi, na ile boriti ya kati ya zamani huwa imetolewa ikawekwa nyingine. Tazama mishono ya kuchomelea kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Mshono mzuri una mawimbi yanayofanana na umezama pande zote mbili. Vitundu vidogo, mfereji ulioliwa pembeni ya mshono, au mshono uliosagwa ukawa bapa kisha ukapakwa rangi nene, hayo yote yanahitaji maelezo.

Pima umbali kati ya ekseli: kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Kwa 1932 ni inchi 106, yaani milimita 2692. Mjenzi anaweza kuwa aliurefusha au kuufupisha kwa makusudi. Jambo la maana ni pande mbili zilingane. Tofauti ikizidi milimita 5, ama ekseli imekaa upande, ama chasisi si mraba. Pima kona kwa kona kutoka boriti ya mbele hadi ya nyuma ujue ni ipi.

Hatua ya 4: Mbele na stelingi

Hapa kaa muda mrefu, kwa sababu ndipo hotrodi huua watu.

Ekseli ya mbele mara nyingi ni moja ya kuteremshwa, springi moja imelala kukingama juu yake, na mikono miwili kila upande inaishika isisogee mbele au nyuma. Kuna ekseli za umbo la I na za bomba. Gurudumu moja likipanda tuta, ekseli hulazimika kujisokota. Ya I husokoteka kidogo. Ya bomba haisokoteki, kwa hiyo ikifungwa kwa mikono ya mtindo wa hairpin (miwili inayoungana kama pini ya nywele) nguvu yote huenda kwenye vishikio na mishono, na siku moja hupasuka. Ukikuta bomba na hairpin pamoja, piga bei chini au ondoka. Bomba linataka mfumo wa fimbo 4, mbili sambamba kila upande.

Pima kasta, yaani mlalo wa kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), kwa kuweka kipima pembe kwenye kingpini: ilale nyuma digrii 5 hadi 7. Ikiwa 2 au 3, gari litatangatanga na huenda likatikisika. Magurudumu yaangalie ndani kidogo, milimita 1.5 hadi 3 kwa jumla.

Kama boksi la stelingi ni la Chevrolet Vega, fimbo yake hukata kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hapo lazima kuwe na baa ya Panhard, fimbo inayozuia ekseli isisogee kushoto na kulia. Springi ya kukingama inaning'inia kwenye shakeli, ekseli inaweza kusogea kushoto na kulia, na kila inaposogea inajigeuza stelingi yenyewe. Mwambie mtu atikise usukani kidogo huku wewe umelala ukitazama: ekseli ikisogea kabla ya gurudumu kugeuka, baa haipo au imelegea.

Sasa bolti. Kromu inapendeza, lakini bolti ya chuma kigumu iliyochovywa kromu bila kuokwa baadaye hubaki na hidrojeni ndani na hukatika kama kioo. Bolti zote za stelingi na springi zinafaa ziwe za kawaida zenye alama ya daraja kichwani, zikiwa na nati za kujifunga au pini.

Hatua ya 5: Breki

Masta silinda ya hotrodi hukaa chini ya sakafu, mara nyingi chini kuliko kaliper. Mafuta ya breki hutaka kurudi. Ndiyo maana huwekwa valvu ya kubakiza presha: psi 2 kwa upande wa diski, psi 10 kwa upande wa drami. Kukosekana kwake utakujua hivi: pedali inashuka sana mara ya kwanza, ukikanyaga mara ya pili inakuwa ngumu. Ya psi 10 ikiwekwa kwenye diski, pedi hazitaachia. Zunguka dakika 15 kisha pima joto la diski kwa kipima joto, ile inayowaka kuliko wenzake ndiyo yenye shida.

Masta silinda iwe ya vyumba viwili. Ya chumba kimoja bomba likipasuka huna breki kabisa. Mabomba yawe ya chuma, yamefungwa kwenye reli kila sentimita 30 hivi, mbali na ekzosi. Bomba la shaba tupu ni alama ya fundi wa haraka.

Hatua ya 6: Injini, rejeta, gia

Injini iwe baridi ukifika. Iguse kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini aliiwasha.

"350" nyingi ni 305. Soma namba ya kusubu nyuma ya bloku, upande wa kushoto, karibu na gia boksi, na herufi zilizogongwa mbele kulia chini ya silinda hedi, kisha zitafute kwenye orodha za Chevrolet. Toa plagi zote 8, fungua kabureta kabisa, funga geji ya mgandamizo, zungusha stata mizunguko 5 kwa kila silinda. Silinda yenye mgandamizo wa chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, fikiria gasketi ya hedi kabla ya ringi.

Grili ya 1932 ni nyembamba, rejeta nayo ni ndogo. Acha injini ingurume gari likiwa limesimama dakika 20 mchana. Digrii 82 hadi 93 za Selsiasi ni sawa. Ikipita 104 na bado inapanda, gari hilo ni la kupigia picha. Tazama kama feni ina kava. Bila kava hewa huzunguka papo hapo badala ya kupita kwenye rejeta.

TH350 haina mengi. Kama gia boksi ni 700R4, otomatiki ya gia 4, tafuta kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye gia boksi. Si ya kubadilishia gia tu kama wengi wanavyodhani, inaongoza presha ya mafuta. Ikiwa imefungwa vibaya au haipo, klachi za ndani huungua kwa safari chache.

Uwiano wa difu unaujua bila kufungua: gia huru, weka vizuizi, inua gurudumu moja la nyuma, lizungushe mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti. Tatu na nusu ni 3.50. Likikataa kuzunguka, difu ni ya kujifunga. Inua yote mawili, uyazungushe mara moja.

Hatua ya 7: Umeme na mafuta, kwa ufupi

Betri ikiwa kwenye buti, kebo ya stata iwe nene, si chini ya geji 1/0, na ipite kwenye raba kila inapotoboa chuma. Bodi ya faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chasisi. Taa zinazofifia ukiwasha indiketa zinakuambia ethi haipo. Kwenye Model A kumbuka tangi la petroli la asili liko mbele ya magoti yako, nyuma ya dashibodi. Nusa.

Maswali ya wanachama

MwanaMakupa: Shukrani mwalimu. Nipo Mombasa, nina ndugu Texas anaweza kuninunulia. Naweza kuileta Kenya?

Jibu: Ndugu, kawaida Kenya inataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Hili lina usukani kushoto na hati ya 1932. Usitume hela kabla hujapata jibu la maandishi kutoka KEBS (shirika la viwango) na KRA (mamlaka ya mapato) kuhusu gari hilo mahususi. Upande wa Marekani, forodha wanataka hati halisi ya gari angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, na hati ikiwa na utata wa ile hali ya tatu, gari litabaki bandarini likilipia uhifadhi.

Spana_14: Yangu ni bodi ya Model A ya 1929 juu ya reli za 1932. Nikikadiria bei niihesabu kama ipi?

Jibu: Mchanganyiko huo ulipendwa tangu enzi za mbio za magari juu ya ziwa kavu huko California, na si kasoro. Bodi ya A ni nyembamba kuliko reli za 32, kwa hiyo ama reli zimeminywa mbele, ama bodi imekatwa chini ili ikae juu yake. Angalia mkato huo. Kama reli ni za Ford kweli, hapo ndipo thamani ilipo. Kama ni mpya, unauza Model A iliyojengwa vizuri. Na hakikisha hati inafuata namba ya chasisi, si ya bodi.

DadaWaGerejini: Gari likifika maili 45 kwa saa mbele kunatikisika vibaya mpaka nasimama. Nimeambiwa niweke dampa ya stelingi.

Jibu: Dada, dampa (shokabsoba ya stelingi) inaficha ugonjwa. Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza balansi na presha ya matairi. Gari hili ni jepesi, psi 35 mbele ni nyingi mno, jaribu 25 hadi 28. Pili, inua mbele, shika tairi juu na chini utikise: mchezo ukiwepo, mtu akanyage breki utikise tena. Ukipotea ni beringi, ukibaki ni kingpini. Tatu tairodi na baa ya Panhard. Nne kasta na kuangalia ndani. Boksi la stelingi liwe la mwisho. Ukirekebisha kitu kimoja, endesha kabla ya kwenda kingine, la sivyo hutajua kilichoponya.

MwanaMakupa: Na injini ya flathead? Ndugu yangu amepata moja yenye injini hiyo ya asili, muuzaji anasema "inachemka kidogo tu".

Jibu: Kwenye flathead V8, injini ya zamani ya Ford yenye valvu ndani ya bloku, moshi wa ekzosi hupita ndani ya bloku yenyewe, katikati ya maji, kabla ya kutoka ubavuni. Joto lote hilo rejeta ndiyo ibebe. Mara nyingi sababu ni uchafu: kutu na mchanga wa kusubia uliobaki kwenye njia za maji tangu kiwandani. Hilo husafishwa. Linalotisha ni ufa kati ya kiti cha valvu na silinda, na huo hauonekani mpaka hedi zitolewe na bloku ipimwe kwa sumaku na unga wa chuma. Dalili za nje: viputo kwenye rejeta injini ikiwa baridi na imewashwa sasa hivi, au maji kupungua bila kuvuja. Ina pampu mbili za maji na themostati mbili, kwa hiyo mwambie ndugu yako apime joto la mipira ya juu pande zote mbili. Tofauti kubwa ni upande mmoja umeziba.

Fyuzi30: Yangu ina 350 na heda. Asubuhi inawaka vizuri, nikizima kituo cha mafuta stata inazunguka kwa shida mpaka ipoe.

Jibu: Stata iko sentimita chache tu kutoka kwenye heda, yaani mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye injini. Pima kwa maltimita wakati inasumbua: weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bloku, mtu azungushe stata. Zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Ongeza kebo kutoka gia boksi hadi chasisi. Fanya hivyo pia kwa upande chanya, betri hadi stata. Kama kebo ni nzima, weka ngao ya joto au stata ndogo ya gia za kupunguza, ambayo pia hukaa mbali zaidi na heda. Kabla ya kununua chochote, angalia timingi ya plagi: ikiwa mbele sana, pistoni inasukumwa nyuma wakati stata inahangaika, na dalili ni hizohizo.

Spana_14: Risiti za mjenzi zina maana yoyote kwenye bei?

Jibu: Zitumie kujua kilichomo, kwa mfano namba ya bodi, uwiano wa difu, mwaka wa kebo za umeme, aina ya kaliper ili ujue pedi za kununua. Jumla ya risiti usiikubali kama bei, kwa sababu karibu hakuna hotrodi inayouzwa kwa hela iliyoingia ndani yake. Na omba picha za ujenzi kabla ya rangi. Picha ya reli tupu zikiwa zimechomelewa ina thamani kuliko faili zima la risiti.